Mabingwa walisema hivi, mikono yao ikafanya vile: kisa cha "salamu ya kiwiko" kwenye softiboli

Wadau, leo tunaenda Marekani, ila hatupiti Hollywood. Tunaenda kwenye kiwanja cha nyasi jioni, kwa watu ambao hakuna anayewaandika. Binti wa miaka 10 kashika mpira. Mbele yake baba yake kaigeuza ndoo, kaikalia, glovu mkononi, anadaka. Huko wana hadi jina la watu hawa: wababa wa ndoo. Na kwa miaka mingi amri inayotoka kwenye hiyo ndoo imekuwa moja: "Malizia na kiwiko! Kiwiko kimsalimie mdakaji!"

Amri fupi, rahisi kukumbuka. Shida ni kwamba ukiwatazama warushaji wakali duniani wakiwa kazini kweli, wengi wao hawarushi hivyo. Sasa ilikuwaje kizazi baada ya kizazi cha mabinti wakafundishwa kitu ambacho mabingwa wenyewe hawakifanyi?

Tuanze na mchezo wenyewe. Softiboli ni mdogo wake besiboli. Ilizaliwa Chicago mwezi Novemba 1887, siku ya Shukrani, ndani ya klabu ya wapiga makasia. Vijana walikuwa wanasubiri matokeo ya mechi ya Yale na Harvard. Mmoja akamrushia mwenzake glovu ya ngumi, mwenzake akaipiga kwa fimbo, na jamaa aliyeitwa George Hancock akaona hapo pana mchezo. Glovu ikafungwa kamba ikawa mpira, mpini wa fagio ukawa gongo. Jina la softiboli lilikuja baadaye sana, 1926, na chama cha kitaifa kikaundwa 1933.

Kilichoitofautisha na besiboli ni mrushaji. Kwenye besiboli mkono unapita juu ya bega. Kwenye softiboli unapita chini, ubavuni. Sheria iliyokuja kutawala inasema hivi: wakati wa kuachia mpira kiganja kiwe chini ya nyonga, na kifundo cha mkono kisiwe mbali na mwili kuliko kiwiko. Shika hicho kipande cha mwisho, tutakirudia.

Ndani ya sheria hiyo watu wakabuni staili. Moja ni ya manati: mkono unavutwa nyuma, juu, kisha unafyatuka mbele bila kuzunguka. Nyingine Wamarekani wanaiita kinu cha upepo, sisi tungeiita pangaboi: mkono unapiga mzunguko mzima kupitia juu ya kichwa, unashuka, mpira unatoka karibu na nyonga. Manati ilikuwa na malkia wake, Joan Joyce wa Connecticut. Mwaka 1961, kwenye mechi ya hisani mjini Waterbury, alimkabili Ted Williams, mmoja wa wapigaji bora kabisa katika historia ya besiboli, aliyekuwa amestaafu mwaka mmoja tu nyuma. Jamaa hakufua dafu. Ila mwisho wa siku pangaboi ndiyo iliyoshinda, na leo karibu kila binti anayerusha kwa kasi anazungusha.

Halafu pesa ikaingia. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia kwenye shule zinazopata fedha za serikali. Vyuo vikalazimika kuwapa wasichana nafasi michezoni. Mwaka 1982 mashindano ya kitaifa ya vyuo ya softiboli yakaanza chini ya NCAA. Mwaka 1996 mchezo ukaingia Olimpiki, Atlanta. Unaona inakoelekea? Mkono wa binti ukawa tiketi ya kusoma chuo bure. Wazazi wakaanza kulipia walimu wa kurusha, mabinti wakaanza wakiwa wadogo kabisa, na kila mwalimu akahitaji maneno mepesi ya kufundishia mwendo ambao jicho la kawaida haliwezi kuufuata.

Hapo ndipo salamu ya kiwiko ilipopata ufalme. Fundisho lilikuwa hivi: mkono ukiwa juu, mpira utazame nyuma. Shusha mkono ukiwa umenyooka, kiganja nyuma ya mpira. Ukifika kwenye nyonga, piga kifundo kwa nguvu kuelekea mbele, kisha pandisha mkono mpaka kiwiko kielekee kwa mdakaji na vidole viwe karibu na bega. Mabinti wakawa wanaanza kila mazoezi kwa kupiga kifundo tu, mpira mmoja baada ya mwingine, mkono mwingine wote umetulia.

Na walimu hawakuwa waongo. Wengi waliwahi kuwa warushaji wazuri wenyewe. Tatizo ni kwamba mwili unafanya mambo haraka kuliko akili inavyoweza kuyasimulia. Mzunguko unakwisha kabla hujajua umefanya nini, kwa hiyo unasimulia unavyohisi, sio kilichotokea. Bingwa anasema "napiga kifundo", anaaminiwa, maneno yanapita kwa mwanafunzi, mwanafunzi anakuwa mwalimu, ngoma inaendelea.

Kilichoharibu sherehe ni kamera. Video zilipoanza kupunguzwa mwendo, na baadaye kila mzazi akawa na simu ya kufanya hivyo mfukoni, watu wakaona kitu kingine kabisa. Mkono wa mrushaji mkali ukishuka kutoka nyuma, kiwiko kimelegea kidogo, hakijanyooka kama mti. Kiganja hakiko nyuma ya mpira, kinatazama pembeni, upande uleule kifua kinakotazama. Mkono ukifika kwenye nyonga, sehemu ya chini ya mkono inagusa mwili kidogo, kama inapapasa. Mguso huo unaambatana na bega kupunguza mwendo, na sehemu ya mbele inachapuka, kiganja kikigeukia ndani. Ni mjeledi: sehemu nene inasita, ncha inalia. Baada ya hapo mkono unamalizia popote unapotaka, mara nyingi ukipita mbele ya mwili, umelegea.

Sasa kumbuka ile sheria: kifundo kisiwe mbali na mwili kuliko kiwiko. Yaani kitabu cha sheria kilishaulaza mkono karibu na nyonga tangu zamani. Na jambo lingine dogo lakini zito: kiwiko kinapofika kwa "salamu", mpira umeshaondoka kitambo. Mwalimu alikuwa anasahihisha kitu kilichotokea baada ya kazi kuisha.

Kuna watakaosema, basi si suala la staili tu? Wapo warushaji wazuri waliomaliza na kiwiko juu, hilo ni kweli. Lakini kumaliza hivyo kwa bahati ya mwendo ni kitu kimoja, na kumlazimisha mtoto asukume mpira kwa kiganja ili kiwiko kifike pale ni kitu kingine. Na bega la mtoto sio la kuchezea.

Kwa muda mrefu watu waliamini kurusha kwa chini ni "asili", hakuchoshi, hakuumizi. Ndiyo maana timu nyingi zilikuwa na mrushaji mmoja anayebeba wikiendi nzima peke yake. Watafiti waliwapima warushaji wa Olimpiki ya 1996, wakakuta nguvu inayovuta bega kutoka kwenye tundu lake ni wastani wa asilimia 80 ya uzito wa mwili. Walipopima vijana, utafiti uliotoka 2005, wastani ukawa asilimia 94. Ulishawahi kuzungusha ndoo ya maji juu ya kichwa ukiwa mtoto ili uone kama itamwagika? Ule mvuto uliouhisi begani ndio huo, ila hapa ni karibu uzito wako mzima, kwa kila mtupo. Pamoja na hayo, besiboli ya watoto ya Little League iliweka ukomo wa idadi ya mitupo mwaka 2007, wakati upande wa softiboli ya mabinti hesabu iliendelea kuwa ya vipindi vya mchezo.

Basi leo mwalimu anayejua kazi anamsahihishaje binti? Anaanza na video kabla ya maneno. Anaangalia miguu na nyonga kwanza, kwa sababu mkono mara nyingi unafidia uvivu wa huko chini. Kisha anamsogeza karibu na wavu, anamwambia asahau shabaha, aanze na mkono ukiwa nyuma, kiwiko laini, auache uguse nyonga na kuchapuka. Jambo moja tu kwa wakati. Mzunguko kamili unakuja baadaye. Na bega likiuma, mazoezi yanasimama na binti anaonwa na daktari. Hakuna cha "kaza tu".

Ugumu unakuja Jumamosi. Binti anayebadilisha mkono hukosa shabaha kwa muda. Mipira inaenda kushoto, kulia, mmoja unapaa juu ya uzio. Timu inafungwa, wazazi wananong'ona, na sauti kutoka kwenye ndoo inarudi: "Kiwiko! Kiwiko!" Binti anarudia ya zamani kwa sababu ya zamani inashinda leo. Ndivyo fundisho lilivyoishi muda wote huo: kulirekebisha kuna gharama ya haraka, na faida inachelewa kuonekana.

Kwa hiyo mtu muhimu kuliko wote kwenye historia hii huenda ni yule baba asiye na jina, siku atakapodaka mtupo mbovu, akaurudisha kimya kimya, na kusema, "Sawa mama, rusha mwingine."

Haya wadau, tuambieni: wewe ulifundishwa nini shuleni au uwanjani, ukaja kugundua wakali wenyewe hawakifanyi? Dondosha hapo chini.