Mfuatano au mfululizo?

Tega kamera kwenye ukingo wa Mto Kilombero, karibu na Ifakara, ipige mafuriko ya masika picha baada ya picha, kisha ziingize kwenye programu ya kuhariri video. Wengi huziita mfuatano. Mimi nachagua mfululizo: vinavyofuatana vyaweza kuachiana nafasi, vinavyofululiza havina pengo. Na pengo ndilo tatizo hapa: programu nyingi hupanga picha kwa kusoma namba za majina ya faili. Ikikosekana 0412, video hukatika hapo au hutoa fremu tupu. Tena kamera nyingi zikifika 9999 huanza upya 0001! Kabla ya kuziingiza, zipe faili majina mapya yenye idadi ileile ya tarakimu, la sivyo 10 yaweza kuitangulia 2.