Taa za Shoo Zikigoma, Fundi Anajuaje?

Wadau, shoo ikipigwa Singida pale Liti (wengi bado tunaita Namfua), staa anashangiliwa, fundi taa hatajwi. Taa zigande sasa, lawama zote zake!

Zamani kila chaneli ilikuwa na waya wake. 1986 Wamarekani wa USITT wakaleta DMX512: waya mmoja, chaneli 512. Safi, ila taa inapokea tu, haijibu. Upepo wetu ule ukilegeza plagi moja, fundi anachomoa taa moja moja kwa kubahatisha.

1998 ikaja Art-Net, data zikapita kwenye nyaya za mtandao. Hapo laptop ikaweza kuzichungulia. Zinapita na taa imenuna? Kagua adresi, kisha waya. Taa yenyewe kujibu ikasubiri RDM, 2006.