Bei ya vifurushi vya intaneti (Pemba)

Kifurushi cha intaneti ni kiasi cha MB au GB ambacho mtumiaji wa simu hununua kwa muda maalumu: siku, wiki au mwezi. Kisiwani Pemba, kama kwingineko Tanzania, wengi hulipia kabla ya kutumia, hivyo bei huamua mtu atanunua lini na kiasi gani. Anayeishi kwa riziki ya kutwa, mathalani mvuvi wa Wesha, huchukua cha siku ingawa cha mwezi huwa nafuu zaidi kwa kila MB. Si ujinga wa hesabu: fedha ya mkupuo hana. Mkulima wa karafuu naye hushika fedha ya maana msimu wa mavuno, akishauza kwa Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC); hapo ndipo huweza kumudu cha mwezi.

Uvumilivu wa mnunuzi una kikomo. Tarehe 2 Aprili 2021 vifurushi vilitangaziwa bei mpya. Wananchi walilalamika vikali, zikasitishwa. Kikomo hicho kilionekana tena nje ya vifurushi: Julai mwaka huohuo ikaja tozo ya miamala ya fedha kwa simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, na wengi wakarudia fedha taslimu. Septemba serikali iliipunguza kwa asilimia 30.