Akiki ya Kambaya

Katika miji ya pwani yetu, tangu Lamu hata Kilwa, hakosekani mzee mwenye pete ya fedha iliyotiwa kito chekundu cha akiki, na aulizwapo asili ya kito hicho aghalabu hujibu kwamba alikirithi kwa babu yake, au kwamba ni akiki ya Yemeni, ambayo kwa Waislamu ina heshima ipitayo akiki nyingine zote. Lakini shanga za jiwe hilo hilo, zile zilizofukuliwa katika magofu ya Kilwa na ya mji wa Shanga, wataalamu wengi huzirudisha ng'ambo ya bahari, katika nchi ya Gujarati, kwenye bandari ya Khambhat ambayo Waarabu na Wareno wa zamani waliiita Kambaya. Msafiri Ibn Batuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliufikia mji wa Kambaya miaka kumi na kitu baadaye, akausifu kwa uzuri wa majumba na misikiti yake, akasema kuwa wengi wa wakazi wake ni wafanyi biashara wageni. Kwa hiyo mtu mmoja aliziona kwa macho yake ncha zote mbili za njia hiyo, kule shanga zilikotoka na huku zilikokuja.

Jiwe lenyewe halichimbwi Khambhat, bali Ratanpur, kusini ya mto Narmada, ambako wachimbaji huteremka katika mashimo membamba na kupandisha mabonge yasiyo na uzuri wowote wa nje, nao humega pembe ya kila bonge ili kuona moyo wake kabla ya kuamua kama lafaa au ni la kutupwa. Juu ya kilima cha hapo pana ziara ya walii aitwaye Baba Ghor, ambaye masimulizi ya watu wa huko humtaja kuwa Mhabeshi aliyefika katika nchi hiyo na kuistawisha kazi ya akiki. Na wanaoihudumia ziara yake ni Masidi, watu wenye asili ya Afrika waliokaa Gujarati kwa karne nyingi, ambao ngoma yao wanayoicheza kwa ajili ya walii huyo huiita goma hata leo. Wahindu na Waislamu pia hupanda kilima hicho kuweka nadhiri. Ni dhahiri kwamba kazi yenyewe ilimtangulia walii kwa miaka elfu nyingi, kwani huko Lothal, katika nchi hiyo hiyo ya Gujarati, yamefukuliwa makarakana ya shanga ya zaidi ya miaka elfu nne iliyopita, na shanga ndefu za akiki kutoka bonde la Sindhi zilizikwa pamoja na wafalme wa Ur katika Iraki. Hata hivyo sioni sababu ya kuyapuuza masimulizi hayo, maana yamehifadhi jambo ambalo vitabu vya forodha havikuliandika: kwamba Waafrika katika biashara hii hawakuwa wanunuzi peke yao.

Jiwe litokapo shimoni si jekundu. Rangi yake ni ya udongo, au ya asali iliyochujuka, na wekundu wake umefichwa katika kutu ya manjano iliyotapakaa ndani yake kwa chembe ndogo zisizoonekana. Mafundi huyaanika mawe juani kwa miezi, kisha huyapanga katika vyungu na kuyafukiza kwa moto wa samadi iliyokaushwa, moto wa taratibu usio na ndimi, ambao huyafukuza maji iliyo nayo kutu ile, ikageuka kuwa nyekundu. Na chungu hakifunguliwi hata kipoe chenyewe, kwa kuwa jiwe lililo moto likikutana na baridi ya ghafula hupasuka. Wakitaka wekundu ulioiva sawasawa, hurudia moto mara kadhaa.

Moto huo una faida ya pili. Jiwe lililochomwa kwa kiasi hulainika katika kumeguka, likatii pigo la fundi kuliko lilivyokuwa bichi, na siri hii waliijua wachongaji wa mishale ya mawe katika pande nyingi za dunia kabla haijapotea pamoja nao. Aliyeirudisha katika elimu ya Wamarekani ni Don Crabtree wa Idaho, mtu aliyejifunza mwenyewe tangu ujana wake kuchonga gumegume kwa mapenzi tu, ambaye mwaka 1964 alieleza kwa maandishi, pamoja na mwenzake Robert Butler, namna moto unavyoligeuza jiwe. Waliosoma vyuoni walikuwa wameyapima na kuyachora mawe hayo kwa miaka mingi. Aliyeyavunja kwa mikono yake ndiye aliyetambua kuwa yalipitia motoni.

Baada ya moto huja kazi ya kuchonga, ambayo kwangu ndiyo kiini cha ustadi wote wa Khambhat. Fundi huketi chini, na mbele yake umesimikwa ardhini mtaimbo mfupi wenye ncha, ulioinama kidogo. Kwa mkono wa kushoto hulishika jiwe hata ukingo wake uiguse ile ncha, na kwa mkono wa kulia hulipiga kwa nyundo ambayo kichwa chake ni pembe ya nyati na mpini wake ni ufito mwembamba wa mwanzi unaonepa. Wala pigo halikusudiwi kulivunja jiwe pale nyundo inapoangukia, bali nguvu yake hupenya mwilini mwa jiwe ikakutana na chuma upande wa pili, na huko ndiko kibanzi kinakoruka. Nyundo ya chuma ingelipasua jiwe vipande, ilhali pembe hulisukuma. Kwanza jiwe hupewa pande nne, kisha miinuko ya pembeni huondolewa mmoja mmoja, hata litokee umbo la ushanga usiosuguliwa, na chini ya magoti ya fundi pamejaa vibanzi vyembamba vyenye makali kama ya wembe.

Kutoboa ni kazi ya keekee, ambayo msumari wake umetiwa ncha ya vipande vidogo vya almasi, na maji hudondoka juu yake bila kukoma. Kung'arisha, katika zamani zilizo karibu, kulikuwa kwa mifuko ya ngozi: shanga zilitiwa humo pamoja na unga wa akiki na msasa na maji, mfuko ukafungwa, na watu wawili wakauvuta huku na huko kwa ukanda kwa muda wa siku kumi au kumi na tano, hata shanga zikatoka na mng'ao wa kioo. Yeyote ambaye amewahi kununua pipa dogo la umeme la kung'arishia mawe, kama walivyofanya maelfu ya watu huko Marekani tangu miaka iliyofuata Vita Kuu vya Pili, wakati uchongaji wa vito ulipokuwa burudani ya jioni katika nyumba za watu wa kawaida, ataitambua kazi hiyo mara moja, maana ni ile ile: jiwe kusuguana na jiwe, unga wa msasa kubadilishwa kutoka mkali hadi laini, na subira ya majuma.

Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mnamo 1516, aliieleza akiki ya bara ya Khambhat na moto unaoitia wekundu, na pia aliandika juu ya majahazi ya Kambaya yaliyoleta nguo na shanga Mombasa na Malindi, ambako zilipakiwa tena hadi Sofala kwa kubadilishwa na dhahabu na pembe. Msimu wa kaskazi uliyaleta majahazi hayo, na kusi ikayarudisha. Biashara hiyo haikuishia pwani, kwa sababu A. J. Arkell, aliyekuwa afisa wa serikali katika Sudani, alizifuata shanga alizoziona huko hata akafika Khambhat, na mwaka 1936 akaandika habari za mafundi wake. Wakati huo mafundi walikuwa wamekwisha pata mshindani wa kuogopwa: mji wa Idar-Oberstein katika Ujerumani, ambako akiki ya Brazili ilisagwa na watu waliolala kifudifudi mbele ya magurudumu makubwa ya mawe yaliyozungushwa kwa nguvu ya mto, na shanga zilizoiga za Khambhat zikapelekwa Afrika.

Katika miji hiyo miwili vumbi lilikuwa moja. Unga wa akiki uvutwapo pumzini hukaa katika mapafu na kuyatia makovu, na maradhi hayo, silikosisi, hayana tiba. Mtu anayesaga vito nyumbani kwa kujifurahisha huelekezwa siku ya kwanza kwamba gurudumu lake lazima limwagiwe maji na kwamba pua yake lazima ifunikwe. Lakini wasagaji wengi wa Khambhat, wanaolipwa kwa idadi ya shanga, wamesaga jiwe kavu katika vyumba vyao na watoto wamo ndani. Jambo hili laniuma kuliko nisemavyo, kwa kuwa maji hayana bei.

Wataalamu wa Kifaransa Valentine Roux na Blandine Bril walikwenda Khambhat kuupima ujuzi wa wachongaji, wakikifungia kipimo katika nyundo ili kuuona mwendo wa kila pigo. Waliona kwamba shanga ndogo za kawaida huweza kufundishwa kwa miaka miwili au mitatu, lakini zile ndefu zilizo bora hutaka miaka saba hadi kumi. Kisha waliwapa mafundi kioo badala ya akiki, kitu ambacho hawakuwahi kukichonga. Wale wa daraja la chini waliendelea kupiga kama walivyozoea. Wale mabingwa walipunguza nguvu ya pigo ili kukiafiki kitu hicho kipya, nao ndio waliotoa kwenye kioo maumbo yaliyokaribia zaidi yale waliyoombwa.