Ibada ya Remmy, na wimbo ambao hakuna aliyeutaja

Nimekuwa kimya muda mrefu, mnisamehe. Kazi ya gazeti ikikushika haikuachii hata muda wa kupiga mswaki vizuri. Lakini hili la Jumapili limenikaa kooni, na najua nisipoliandika leo sitaliandika tena.

Ni hivi. Mhariri wangu alinituma Sinza kwenye ibada ya kumbukumbu ya Dr. Remmy Ongala. Wazee kadhaa wa muziki wa dansi na majirani walikuwa wamejikusanya, kanisa moja dogo likawapa nafasi baada ya ibada ya pili, basi. Hakukuwa na mgeni rasmi wala kamera za televisheni. "Maneno mia tatu," mhariri akaniambia, "na picha ya mtu analia."

Nikapanda daladala. Tulipokaribia, konda akapiga bodi: "Kwa Remmy wapo?" Mama mmoja wa nyuma akajibu, "Shusha!" Wanaoijua Dar wanajua Sinza ina vituo vya majina ya ajabu, Palestina, Kumekucha, Afrika Sana, lakini hiki ni cha mtu. Mtu aliyefariki tarehe 13 Desemba 2010, na mpaka leo makonda wanamtaja kutwa nzima. Nikamuuliza binti niliyekaa naye kama anamfahamu huyo Remmy. Akafikiri kidogo. "Si ndiye mwenye ile baa?"

Sikumcheka. Na mimi miaka michache tu iliyopita nisingejibu vizuri zaidi yake. Chuo kikuu nilisoma uandishi wa habari miaka mitatu, nikafundishwa habari za magazeti ya Uingereza na redio za Marekani, sikumbuki mhadhiri hata mmoja aliyemtaja Remmy. Kwa hiyo kwa faida ya binti yule, na yangu, nieleze kidogo.

Jina lake kamili ni Ramadhani Mtoro Ongala. Alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki ya Kongo. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba mama yake alikuwa ameshapoteza watoto wawili kabla yake, akaenda kwa mganga, na mganga akampa masharti, mojawapo mtoto asinyolewe nywele. Basi akazaliwa tayari ana meno mawili ya mbele. Huko kwao mtoto wa namna hiyo anahesabiwa kuwa ni mganga tangu tumboni, ndiyo maana ya "Doctor". Nywele zile zilikuja kuwa rasta zake mashuhuri. Wengi walidhani ameiga Jamaika, kumbe yeye alikuwa na sababu zake za nyumbani kabla hajasikia habari za Bob Marley.

Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kwa mwaliko wa mjomba wake, Mzee Makassy, aliyekuwa na Orchestra Makassy. Moja ya nyimbo zilizomtambulisha hapa ilikuwa Siku ya Kufa. Mtu anaingia mji mpya, ana miaka thelathini na ushee, na anaanza kwa kuwaimbia wenyeji habari ya kifo! Na watu wakampenda. Makassy walipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 80 yeye akabaki, akaingia Matimila, ambayo mikononi mwake ikaja kuwa Super Matimila. Baadaye akapata uraia wa Tanzania, na mimi kwa upande wangu nasema nchi ilichelewa tu kuandika kwenye karatasi jambo ambalo mtaa ulishaliamua.

Ya Ulaya nitayapitia haraka kwa sababu ndiyo yanayosemwa sana. Kanda yake iliwafikia waandaaji wa tamasha la WOMAD, akaalikwa Uingereza mwaka 1988, mwaka uliofuata akarekodi albamu Songs for the Poor Man katika studio za Real World za Peter Gabriel, na mwaka 1992 ikatoka nyingine, Mambo. Wazungu wakapiga makofi. Sawa. Lakini Remmy wa Wazungu na Remmy wa Manzese hawakuwa mtu mmoja, na ibadani ndipo nilipogundua kwamba kuna hata Remmy wa tatu.

Kanisani tulikuwa kama watu sitini, viti vya plastiki, feni moja inazunguka kwa mashaka. Kwaya ikaimba. Mchungaji akasimama akahubiri vizuri, sitaki kumsema vibaya, alikuwa na sauti na alikuwa na mapenzi ya kweli kwa marehemu. Alieleza jinsi Remmy alivyopata kiharusi mwaka 2001, jinsi alivyookoka, akakata rasta, akaachana na dansi na kuimba nyimbo za Injili mpaka mwisho wa maisha yake, hata mwili ulipokuwa umechoka. Yote hayo ni kweli. Remmy mwenyewe alichagua hivyo, na hakuna aliyemlazimisha.

Ila mahubiri yalivyokwenda, miaka yote kabla ya 2001 ilifungwa katika neno moja: giza. "Alipokuwa gizani." "Alipotoka gizani." Nikahesabu kwenye daftari langu, mara saba. Nikawa namtazama mzee mmoja aliyekaa mbele yangu. Kila giza lilipotajwa alikuwa anasugua kofia yake magotini.

Walipofika kwenye sehemu ya kumbukumbu, watu watatu wakaongea. Mmoja akasema Remmy alikuwa mkarimu. Wa pili akasema alikuwa mcheshi. Wa tatu, dada mmoja wa mtaani pale, akasema yeye utotoni alikuwa akimwogopa kwa sababu ya zile nywele, watu wakacheka. Tukaomba, tukapewa soda na maandazi, ikawa imekwisha.

Nikamfuata yule mzee nje. "Shikamoo mzee." "Marahaba, kijana." Nikajitambulisha kuwa ni mwandishi. Ameniomba nisimtaje jina. Inatosha kusema aliwahi kupiga gitaa la rhythm katika bendi moja ya hapa mjini na alipishana na Remmy kwenye majukwaa mengi. Nikamuuliza ameionaje ibada.

"Ibada nzuri," akasema. Akanyamaza. Kisha: "Lakini hakuna aliyesema soksi."

Sasa hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu wengi wetu tuliozaliwa baadaye hatujui soksi ni nini.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Huko waliuita Juliana, jina la nguo za magendo zilizokuwa zikivuka mpaka kutoka Uganda, maana watu waliona wanaokufa ni vijana wa biashara hiyo. Ulipofika mijini vijana wakatunga utani: AIDS ni kifupi cha "Acha Iniue, Dogodogo Siachi". Utani wa kuchekesha mpaka uanze kuzika. Serikali ilikuwa na mabango yake ya kuonya, viongozi wa dini walikuwa wakihubiri uaminifu, na neno kondomu lilikuwa halitamkiki mbele ya watu wazima. Lilikuwa tusi, kwa kweli.

Mwaka 1990 Remmy akatoa Mambo kwa Soksi. Soksi yenyewe ndiyo kondomu. Wimbo unamwambia mwanamume waziwazi avae, bila kuzunguka na bila kumtisha kwa moto wa jehanamu. Jukwaani alikuwa akiupiga watu wanacheza huku wanacheka, na ukishacheka neno linakuwa limeshaingia.

Redio Tanzania Dar es Salaam ikakataa kuupiga. Tafadhali elewa maana ya jambo hilo kwa wakati ule. Leo wimbo ukikataliwa na redio hii unaupeleka ile, au unaurusha mtandaoni na kukataliwa kwenyewe kunakuwa tangazo. Mwaka 1990 Tanzania Bara kulikuwa na redio moja tu ya nchi, ya serikali. Radio One, ya watu binafsi, ilikuja kuanza mwaka 1994. RTD ndiyo iliyokuwa redio na ndiyo iliyokuwa studio, bendi zikienda kurekodi pale zinalipwa kidogo, na nyimbo zinabaki kwenye maktaba yake. Ikisema hapana, imesema hapana ya nchi nzima.

Wimbo ukaenda kwa miguu. Kwenye baa, kwenye kumbi, kwenye kanda zilizorudufiwa nyumba hadi nyumba mpaka sauti inakuwa kama ya mtu aliyemo ndani ya pipa. Yule mzee anasema kuna kumbi Remmy alikuwa hawezi kushuka jukwaani bila kuupiga.

Na serikali? Rais Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa tarehe 31 Desemba 1999. Tume ya kuudhibiti, TACAIDS, ikaundwa 2001. Dawa za kurefusha maisha zikaanza kutolewa bure mwaka 2004. Chukua kalamu upige hesabu mwenyewe: kutoka ule wimbo hadi lile tangazo ni miaka tisa. Sisemi wimbo mmoja kupigwa redioni ungezuia janga, sina ushahidi huo na sitaki kuzusha. Nasema tu kwamba mtu mmoja mwenye gitaa alisema jambo la afya ya umma kabla wenye kazi hiyo hawajathubutu, akazibwa mdomo, na siku ya kumkumbuka miaka ile ndiyo inaitwa giza.

"Mimi nimeokoka pia," mzee akaniambia kana kwamba amesoma mawazo yangu. "Sina ugomvi na mchungaji. Ila marafiki zangu niliowazika, kijana, wangeusikia wimbo ule asubuhi, redioni, wakiwa na akili timamu... Sisi tulikuwa tunawaimbia usiku, wameshalewa."

Nikarudi ofisini nikaandika. Maneno mia nne na kumi. Mhariri akasoma, akafuta aya mbili za soksi. "Hii ni habari ya kanisani," akasema, "wasomaji watatushangaa." Jumatatu ikatoka ukurasa wa ndani, maneno mia mbili, chini ya tangazo la viwanja. Na picha ya mtu analia, ambaye kwa kweli alikuwa anafuta jasho.

Ningeweza kuishia hapo, mngeniona shujaa na mhariri mwoga. Lakini kuna la kwetu.

Mama yangu alikuwa na kaka yake, fundi seremala wa Manzese, aliyefariki mwaka 1993. Mimi sikumkuta. Nyumbani tuna picha yake moja, amevaa shati la kola ndefu, anacheka. Tangu utoto naambiwa mjomba alikufa kwa kifua kikuu. Sikuwahi kuuliza zaidi, ingawa tangu kidato cha tatu nilishafahamu kifua kikuu cha mwaka 1993 kwa kijana wa miaka ishirini na tisa mara nyingi kilikuwa kinamaanisha nini. Mwandishi wa habari mzima, naenda kuwauliza wazee wa watu maswali, la nyumbani nimelikalia miaka kumi.

Jumatatu jioni nikampitia mama na gazeti. Akasoma kipande changu, akasema vizuri. Nikamwambia yaliyofutwa. Mama akawa anakunja gazeti polepole, analikunjua, analikunja tena.

"Mjomba wako alikuwa na hiyo kanda," akasema.

Nikanyamaza.

"Alikuwa anaiimba hapa nyumbani, bibi yako anamfukuza sebuleni. Anaimbia uani. Sote tunacheka." Akaliweka gazeti mezani. "Wimbo aliupenda sana. Lakini kwenda dukani kuziomba zile vitu mbele za watu, aliona aibu. Aliniambia mwenyewe, ameshaanza kuumwa."

Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kumsikia mama akikaribia kulitaja. Hata hapo hakulitaja.

Kwa hiyo sijui nimlaumu nani. Redio ilikataa, ndiyo. Lakini kwetu kanda ilikuwemo ndani, tena ilisikilizwa mpaka ikakwaruza, na bado. Na sisi nyumba nzima tumeikalia habari hiyo zaidi ya miaka thelathini, tukimwita mhariri mwoga.

Mama akaniuliza kama wimbo wenyewe bado unapatikana. Nikautafuta kwenye simu, haukuchukua hata dakika. Magitaa yakaanza, mama akatabasamu, akawa anagonga vidole mezani, nikaona kabisa ule uwani wa zamani umemrudia usoni. Remmy akaanza kuimba.

"Punguza sauti mwanangu," mama akasema, akiangalia dirishani. "Majirani."