Habari za Pikipiki za Misheni: Jinsi Zilivyolala na Jinsi Zinavyoamshwa

Katika kitabu cha Jubilei hukosi kusoma habari za Maaskofu, za Mapadre na Masista, za makanisa yaliyojengwa na hesabu ya watu waliobatizwa. Habari hizo ni za lazima, wala hatusemi vingine. Lakini yuko mtumishi mmoja ambaye mara chache hupewa ukurasa wake, ingawa alimbeba Padre kwenda kwa mgonjwa usiku, akabeba hostia, dawa na vitabu vya katekisimu, na mara nyingine akambeba mgonjwa mwenyewe, amefungwa kwa kanga mgongoni mwa dereva. Mtumishi huyo ni pikipiki. Leo nyingi za zamani zimelala stoo, zimefunikwa vumbi na uchafu wa popo, nazo zangoja moja katika mambo mawili: ama fundi, ama mnunuzi wa chuma chakavu. Basi tumeona vema kuandika habari zake, maana jambo hili halijapita. Lingali mikononi mwetu.

Hapo kwanza ilikuwa miguu tu. Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie walitoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878, na kabla ya mwisho wa Agosti walikwisha kumzika njiani mkubwa wao mmoja, Padre Pascal. Wenzao waliofuata wakaanzisha misheni ya Ushirombo mwaka 1891, nao walikwenda vigangoni kwa miguu vilevile, siku nyingi porini. Mtu atauliza, mbona hawakupanda farasi au punda? Nchi yetu ya miyombo ilikuwa nchi ya mbung'o, na mnyama aliyeumwa na mbung'o hakuchukua muda akafa. Adui huyu alikuwa mkubwa hata Waingereza wakaweka Shinyanga idara nzima ya kumchunguza, chini ya Bwana Swynnerton, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilifika mwisho wake mwaka 1928, ikapita Isaka na Shinyanga, lakini reli haiendi kigangoni. Ikaja baiskeli, na baada yake pikipiki. Watu wetu walipata mnyama asiyeumwa na mbung'o.

Katika Ulaya yuko Padre aliyeliona neno hili mapema. Jina lake Paul Schulte, Mjerumani, Mwoblate wa Maria Imakulata, aliyekuwa rubani katika Vita ya Kwanza ya dunia. Rafiki yake, Padre Otto Fuhrmann, alikufa mwaka 1925 katika nchi ya Waovambo, Afrika ya Kusini Magharibi (leo Namibia), kwa kuwa hakikuwako chombo cha kumfikisha kwa mganga kwa wakati. Mwaka 1927 Padre Schulte akaanzisha chama cha kuwapatia wamisionari vyombo vya safari, kikaitwa MIVA. Waaustria wakaanzisha chao mwaka 1949. Desturi yao yapendeza: katika siku za Mtakatifu Kristofa, mwenye gari hutoa senti ndogo kwa kila kilometa aliyosafiri mwaka ule pasipo ajali. Kwa senti hizo zimenunuliwa pikipiki nyingi za misheni za Afrika, na Tanzania imepata fungu lake. Msomaji na alikumbuke jambo hili atakapoona pikipiki ya misheni imeegemezwa ukutani, haina plagi.

Pikipiki za kwanza nyingi zilitoka Uingereza. Ndogo iliyojulikana sana ilikuwa BSA Bantam, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948. Ukitaka kujua asili yake, ni ya Kijerumani: baada ya vita washindi walizitwaa michoro ya pikipiki ya DKW, na kila taifa likatengeneza yake. Bantam ilikuwa na injini ya senti za ujazo 123, nyepesi, isiyo na oili yake mbali, bali yanywa oili iliyochanganywa ndani ya petroli. Hapo ndipo palipoziua nyingi. Mtu akiazima pikipiki hiyo, akatia petroli tupu, pistoni hushika moto na kung'ang'ania ndani ya silinda kabla ya safari kwisha. Bantam za mwisho zilitengenezwa mwaka 1971, na miaka michache baadaye kampuni yenyewe ya BSA ikaanguka. Tangu hapo zikawa mayatima. Wajapani walikuwa wamekwisha kuja na Honda, Yamaha na Suzuki, nazo zikachukua nafasi.

Lakini kilichozilaza pikipiki zetu kuliko yote si uzee. Ni njaa ya vipuri. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliiachia nchi madeni. Fedha za kigeni zikakosekana, na pamoja nazo tairi, betri, cheni na oili. Kwa miaka kadhaa hata kuendesha gari la binafsi Jumapili alasiri kulikatazwa ili petroli isiishe. Jimbo la Kahama lilizaliwa katika njaa hiyo: lilitengwa na Jimbo Kuu la Tabora mwaka 1983, chini ya Askofu Matthew Shija, mwaka uleule Serikali ilipowasaka wahujumu uchumi na watu wakatupa bidhaa vichakani kwa hofu. Katika hali hiyo fundi hakuwa na njia ila moja: pikipiki ikifa, hung'olewa kifaa kimoja ili nyingine iishi. Leo kabureta, kesho gurudumu, keshokutwa koili. Hatuwalaumu; bila wao makatekista wengi wangalirudi kwenda kwa miguu. Ila mifupa ile iliyobaki haikukumbukwa tena. Hata biashara ilipofunguliwa, na baada ya mwaka 2000 pikipiki za bei nafuu za China na India zikajaa mijini, hakuna aliyekuwa na haja ya kurudi stoo. Hivyo zilisahauliwa mara mbili, kwanza kwa dhiki, tena kwa wingi.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani mmoja, Randy Mamola, mwendeshaji wa pikipiki za mashindano, alikwenda Somalia pamoja na mwandishi wa magazeti Mwingereza, Barry Coleman, kuona jinsi sadaka za watu zilivyotumika kwa afya ya watoto. Wakakuta pikipiki za wahudumu wa afya zimelala, nyingine zikiwa bado mpya, kwa kasoro ambazo fundi wa kawaida angaliziondoa kwa muda mfupi. Hakuna aliyefundishwa kuzitunza, wala hapakuwekwa fedha ya cheni na oili. Coleman na mkewe Andrea, pamoja na Mamola, wakaanzisha kazi iliyoandikishwa mwaka 1996 kwa jina la Riders for Health. Dawa yao haikuwa kuleta pikipiki mpya. Kila asubuhi dereva alitazama petroli, oili, cheni, nati na breki kabla ya kuwasha, na kifaa kilibadilishwa siku yake ikifika, si siku kikivunjika. Katika Lesotho, kuanzia mwaka 1991, wenyewe waliandika kwamba pikipiki 47 zilitembea miaka 7 bila hata moja kuharibikia njiani. Mwenye kujua barabara za milima ya Lesotho atalipima neno hilo.

Sasa tuseme habari ya kuziamsha. Nyahanga, kata ya mji wa Kahama, si mahali pa kukosa mafundi. Bodaboda zimewalea. (Neno hilo, kwa asiyejua, lilizaliwa mpakani Busia, baina ya Kenya na Uganda, ambako miaka ya 1960 vijana walivusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka.) Kijana wa leo hufungua injini ya pikipiki ya kichina upesi sana, na kuifunga tena. Lakini mpe pikipiki ya mwaka 1965, atatafuta kile kisanduku cha umeme kinachotoa cheche asikione. Mashine ya kale hupata cheche kwa platini, vipande viwili vidogo vya chuma vinavyofunguka na kufunga, na nafasi kati yao ni kama nusu ya milimita, pungufu kidogo. Kazi hiyo wazee waijua, na wazee wanapungua. Kwa hiyo kila pikipiki ya kale inayofunguliwa leo yafaa ifunguliwe mbele ya watu wawili, mzee na kijana.

Kosa la kwanza la wenye haraka ni kuipiga kiki siku ileile inapotolewa stoo. Ringi zimeshikana na silinda kwa kutu. Ukilazimisha, zavunjika, na pengine zaikwaruza silinda yote. Sharti plagi ifunguliwe, oili nyepesi imiminwe tunduni, kisha iachwe siku tatu, nne, hata juma zima. Ndipo gurudumu la nyuma lizungushwe polepole kwa mkono, gea ikiwa imeingia. Ikikubali kusogea hata upana wa kidole, matumaini yapo. Petroli ya zamani yote imwagwe, kwani imegeuka kitu kama gundi na kuziba vijitundu vya kabureta, ambavyo ni vyembamba kuliko sindano. Tangi litiwe kokoto safi na maji ya ndimu, litikiswe, lioshwe kwa maji ya magadi, likaushwe juani. Tairi na tyubu hazina msamaha: zinunuliwe mpya, maana mpira uliopasuka kwa uzee huua mtu. Mabomba ya petroli vilevile. Nyaya za umeme zikaguliwe moja moja, kwani panya hupenda ngozi yake.

Wengi huanza kwa rangi. Rangi ni ya mwisho kabisa, na pengine si ya lazima. Tumeona pikipiki zinazong'aa kama altare siku ya Pasaka, nazo haziendi mahali.

Vipuri ndivyo swali kubwa. Hapa kuna faraja isiyotazamiwa. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ilitoa pikipiki iitwayo CG125. Kabla ya kuichora, mafundi wake walisafiri katika nchi za joto na kuona wazi kwamba wenye pikipiki huzipakia kupita kiasi, hawabadili oili, hawasafishi chujio la hewa. Basi badala ya kuwakemea, walichora injini inayostahimili kutotunzwa, wakaondoa mnyororo mwembamba wa juu ya injini na kuweka vijiti vya kusukuma valvu, na mnyororo wa nyuma wakaufunika wote usile vumbi. Wachina wakaiiga, na mpaka leo injini za ukoo huo zimo katika bodaboda nyingi. Kwa sababu hiyo mwenye CG ya misheni ya miaka ya 1980 aweza kupata pistoni, ringi na klachi katika duka la mtaani. Mwenye Bantam hana bahati hiyo. Sharti silinda ikerezwe upya, ringi ziagizwe Uingereza, ambako zipo bado kwa wapenzi wa mashine za kale, na gharama yaweza kupita bei ya pikipiki mpya. Kwa maoni yetu, CG iamshwe ikafanye kazi ya kigango, lakini Bantam iamshwe kwa ajili ya kumbukumbu tu, ikiwa parokia inao uwezo, na isiyo na uwezo iitunze kama ilivyo, pakavu, imepakwa oili. Bloku ya injini iliyopasuka kabisa haina haja ya kupotezewa fedha ya waamini.

Neno la mwisho ni la karatasi, nalo hupuuzwa. Zamani wengi waliogopa kuamsha pikipiki kwa sababu ada ya barabara ya kila mwaka ilikuwa inadaiwa, iwe chombo chatembea au chalala. Ada hiyo ilifutwa na Serikali mwaka 2017. Iliyobaki ni kadi, na kadi za misheni mara nyingi zimo kwa jina la wadhamini wa Jimbo au la Padre aliyekwisha kurudi kwao, hata kufariki. Zitafutwe makabatini kabla fundi hajaitwa. Tena namba mbili ziandikwe katika kitabu cha mali cha parokia: ile iliyopigwa katika injini, na ile iliyopigwa shingoni mwa chasisi, chini ya usukani. Kwa namba hizo mwaka wa kutengenezwa hujulikana, na pengine hata aliyeitoa. Mnunuzi wa chuma chakavu hupima kwa kilo, na ili pikipiki ienee katika gari lake huikata chasisi vipande viwili, mara nyingi palepale shingoni penye namba.