Ruhusa ya Kufyatua Risasi: Askari wa Umoja wa Mataifa Katika Kongo

Leo twatazama amri inayomwambia askari lini afyatue risasi na lini ajizuie. Amri hiyo ikibadilika, usalama wake hubadilikaje? Mfano wetu ni nchi jirani ya Kongo. Fungueni ramani, mtafute Ziwa Tanganyika, kisha mvuke kwenda magharibi.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, 1960. Siku chache baadaye jeshi liliasi, na jimbo la Katanga likatangaza kujitenga. Mwezi wa Julai Umoja wa Mataifa ulipeleka askari. Waliamriwa wasitumie silaha ila kwa kujikinga. Kusudi lilikuwa jema: anayekuja kupatanisha hapaswi kuonekana amechukua upande.

Lakini askari anayengoja kushambuliwa kwanza humwachia mwenzake kuchagua saa na mahali. Tarehe 8 Novemba, 1960, karibu na Niemba, kaskazini ya Katanga, askari 11 wa Ireland walifika kwenye daraja lililoharibiwa. Wakatokea wapiganaji wa Kibaluba, wengi kuliko wao. Ofisa wao akawaendea kwa salamu ya amani, akajibiwa kwa mishale. Katika mkasa huo askari 9 walikufa, 2 wakaokoka. Zingatieni jambo hili: Wabaluba walikuwa vitani na majeshi ya Katanga. Amri ya kujizuia ilijulikana kwa askari wale tu. Waliosimama mbele yao hawakuijua.

Mwaka uliofuata Baraza la Usalama lilibadili amri mara mbili. Tarehe 21 Februari, 1961, liliruhusu nguvu zitumike, njia nyingine zote zikishindwa, ili kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwezi wa Novemba wanahewa 13 wa Italia waliuawa Kindu. Tarehe 24 ya mwezi huo Baraza likaruhusu nguvu zitumike kuwakamata askari wa kukodiwa kutoka nje. Januari 1963 Katanga ikaacha kujitenga.

Je, basi, ruhusa pana ndiyo ngao? Tusiharakishe. Tuvuke miaka 50. Tarehe 28 Machi, 2013, Baraza la Usalama liliunda kwa ajili ya mashariki ya Kongo brigedi yenye ruhusa ya kuyaendea makundi ya waasi na kuyavunja nguvu, bila kungoja kushambuliwa. Askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Mwezi wa Novemba mwaka huo kundi la M23 likashindwa.

Lakini mpigaji naye hupigwa. Tarehe 7 Desemba, 2017, kambi ya Watanzania huko Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa kwa saa nyingi na watu waliodhaniwa kuwa wa kundi la ADF. Watanzania 15 waliuawa, na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Ruhusa ya kupiga walikuwa nayo. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulionyesha kilichopungua: mafunzo, uongozi, habari za adui, ndege, na mpango wa kuwapelekea msaada upesi.

Tumejifunza nini? Amri ya kujizuia humlinda askari pale tu wanaomkabili wanapoijua na kuiheshimu. Amri ya kushambulia humwongezea nguvu, lakini pia humfanya adui wa watu fulani. Basi anayepanua ruhusa yampasa apanue pamoja nayo vifaa, mafunzo na msaada. Asipofanya hivyo, amempa askari kazi kubwa zaidi kwa ngao ile ile.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini salamu ya amani haikutosha huko Niemba?
2. Kushinda kwa mwaka 2013 na msiba wa mwaka 2017 vyahusianaje?
3. Kabla ya kupeleka vijana wake ng'ambo, serikali yapaswa kuuliza mambo gani?